Santuri Iliyozunguka Bure

Sebuleni kwao kulikuwa na mashine tatu, na kila moja ilikuwa na heshima yake. Dirishani, penye mwanga mzuri wa asubuhi, ilikaa cherehani ya Mama Mishono. Ukutani, juu ya meza nzito ya mbao, zilikaa mashine mbili za santuri za mume wake, zimefunikwa kitambaa cheupe alichokifuma Mama Mishono mwenyewe mwaka waliooana. Mgeni akibisha hodi, alionyeshwa kwanza mashine za santuri, ndipo akaonyeshwa kiti.

Mume wake aliitwa Sindano. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye vyeti tu. Katika ujana wake alipiga muziki kwenye kumbi, na alikuwa na uwezo wa kuishusha sindano ya mashine juu ya santuri, kwenye mfereji uleule alioutaka, huku anaongea na mtu pembeni. Ukimwambia, "Nataka pale tarumbeta linapoingia," aliishusha pale tarumbeta linapoingia. Si kabla, si baada. Watu waliacha kucheza wakaja kumtazama mkono.

Mkono huohuo ndio uliokuwa ukimtungia Mama Mishono uzi. Macho yake yalipoanza kuchoka, Sindano alizoea kusimama nyuma ya kiti chake kila asubuhi kabla ya chai. Alichukua ncha ya uzi, akailamba kidogo, na mara moja ikapita tunduni. "Haya, bibie, safari njema," alisema, kisha akaenda kunywa chai yake. Hakukosa asubuhi hata moja, hata zile asubuhi walizoamka wamenuniana.

Ukitaka kumwona Sindano akichemka, mtajie kontrola. Ni kile kibao chenye magurudumu mawili madogo na vitufe vingi vya rangi, kinachounganishwa na kompyuta, ambacho vijana wa siku hizi hupigia muziki badala ya mashine za santuri. Hakina santuri wala sindano. Nyimbo zote zimo ndani ya kompyuta.

"Kile ni kitu cha kumnyamazishia mtoto," Sindano alisema. "Unabonyeza hapa, kinalia. Unabonyeza pale, kinawaka taa. Mpe mtoto wa miaka miwili, atapiga harusi nzima na usingizi wake atalala."

Haya aliyasema kila Jumamosi mchana katika karakana ya Fundi Redio, walikokutana yeye na rafiki zake wawili. Fundi Redio mwenyewe alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Wa tatu aliitwa Besi, kwa ajili ya mwili wake na sauti yake. Besi akicheka, skrubu zilitembea mezani. Wote watatu walipiga muziki zamani, na wote watatu walikula kiapo kwamba hakuna atakayegusa kontrola mpaka kaburini.

"Siku nikikukuta nayo," Besi alimwambia Sindano, "nitakuvisha nepi mbele za watu."

"Na mimi nikikukuta nayo, nitakununulia chupa ya maziwa, yenye chuchu ya mpira."

Wakacheka. Fundi Redio naye alicheka, lakini mguu wake ulikuwa ukisogeza sanduku fulani ndani zaidi chini ya meza.

Sasa Mungu naye ana utani wake. Aliyekuja kununua kontrola alikuwa mjukuu wa Sindano, binti wa mtoto wao wa kwanza. Babu akambandika jina papo hapo: Kitufe. Alidhani binti ataona haya. Binti akacheka, akaliandika jina lile kwa herufi kubwa ubavuni mwa kontrola yake, na tangu hapo mji mzima ukamjua kwa jina la DJ Kitufe.

Hata hivyo alikuwa mtoto mwenye adabu. Jumapili alipokuja kuwasalimu, kontrola aliiacha kwao. Alikuja na mkoba wake na kitambaa laini, akakaa kando ya masanduku ya santuri wakati babu amejinyoosha chumbani. Alizipangusa na kuzicheza moja moja, zisije zikasahau kuimba, kama alivyosema mwenyewe.

"Angalau kufuta vumbi anajua," Sindano alisema, na moyoni alifurahi.

Mambo yaliharibika pale kitinda mimba wao alipopata mchumba. Kitinda mimba alikuwa muuguzi, binti wa maneno machache, na mchumba wake alikuwa mwalimu wa hesabu. Binti alimwomba baba yake jambo moja tu. Kulikuwa na wimbo wa taratibu ambao Sindano alimpigia alipokuwa mdogo, alipogoma kulala. Alitaka baba aupige wimbo ule kwenye sherehe, kwa mikono yake mwenyewe, ili aingie nao ukumbini.

"Nimestaafu," Sindano akasema.

"Wimbo mmoja tu, baba."

"Mtu hastaafu nusu, mwanangu. Tafuteni mwingine."

Wiki moja kabla ya harusi walipima gauni. Binti alisimama juu ya kigoda katikati ya sebule, na Mama Mishono alipiga magoti akikunja pindo, mdomo umejaa pini.

"Mama," binti akasema, "mimi najua kwa nini baba hataki."

"Mm?"

"Hampendi mchumba wangu. Hajasema, lakini hampendi. Harusi ya kaka alipiga muziki mpaka jua likazama. Yangu mimi hata wimbo mmoja?"

Chozi likadondoka juu ya kitambaa cheupe. Mama Mishono alikuwa na jibu, lakini pini kumi na mbili zilikuwa mdomoni. Alipokwisha kuzitema kiganjani moja moja, binti alikuwa amekwisha jifuta uso. "Basi, mama, usimwambie kitu," akasema. "Sitaki alazimishwe." Hata katika uchungu wake alimfikiria baba yake. Mama Mishono aliliona hilo, akaliweka moyoni.

Ukweli yeye alikuwa akiujua. Mwaka mmoja nyuma Sindano alianza kushika kikombe cha chai kwa mikono miwili. Kisha akaanza kuukimbia uzi wa asubuhi: leo amesahau miwani, kesho ana haraka ya dukani. Mama Mishono hakumuuliza. Alikwenda akanunua kitungia uzi, kile kibati kidogo chenye waya mwembamba kama unywele, akakificha ndani ya kopo la vifungo. Kila asubuhi aliamka kabla ya mume wake akatunga sindano, ili akija asijione amepungukiwa. "Leo nimejitungia, baba," alimwambia. "Macho yamerudi." Hivyo ndivyo walivyoishi mwaka mzima, kila mmoja akimfichia mwenzake jambo lilelile.

Lakini sasa siri yao ilikuwa inamliza mtoto.

Kesho yake asubuhi alitoka kupeleka nguo za mteja, akarudi mapema. Alipofungua mlango, kitambaa cheupe kilikuwa kimetolewa. Sindano alisimama mbele ya mashine, na juu yake iko santuri ya ule wimbo wa kubembelezea. Mkono wa kulia umeshika sindano, na wa kushoto umeushika wa kulia. Akashusha. Krrrt. Akainua. Akavuta pumzi, akashusha tena. Krrrt.

Mama Mishono akaweka kikapu chini. "Lete," akasema, akaushika mkono ule. Ulikuwa ukipigapiga kama ndege aliyeingia ndani ya nyumba.

Sindano hakugeuka. "Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Na wewe umejua tangu lini?"

"Tangu ulipoacha kunitakia safari njema."

Akakaa kitini taratibu. Daktari alikwisha mwambia kwamba ni uzee tu, hauui. "Hauui, lakini unaaibisha," akasema. "Mtu anaitwa Sindano na hawezi kushusha sindano! Besi akisikia atacheka mpaka azimie."

"Mwache Besi. Binti yako analia. Anadhani humpendi mume wake."

Macho yakamtoka pima. "Nani, yule mwalimu? Mbona nampenda! Ukoo mzima huu ni yeye peke yake anayecheka nikitania."

"Basi mpigie mkewe wimbo."

"Kwa mkono upi?"

"Huohuo. Kontrola haina sindano ya kushusha."

Sindano akaruka kama aliyekalia pini. "Nife kwanza!"

"Utakufa, baba, hakuna haraka. Njoo hapa." Mama Mishono akamvuta mpaka dirishani, akaweka kidole juu ya mota ndogo iliyofungwa ubavuni mwa cherehani. "Unaikumbuka hii?"

Aliikumbuka. Aliifunga yeye mwenyewe, mwaka magoti ya Mama Mishono yalipogoma kukanyaga. Wateja walianza kunong'ona: siku hizi nguo zinashonwa na umeme, fundi anakaa tu.

"Ulisimama mlangoni pale na bisibisi mkononi," Mama Mishono akasema. "Uliwaambia nini?"

Sindano akaitazama ile mota.

"Nakuuliza, baba. Uliwaambia nini?"

"Niliwaambia umeme unazungusha gurudumu tu," Sindano akasema polepole. "Mshono ni wa kwake."

"Ahsante. Mimi sikusahau."

Kitufe aliitwa, akaja alasiri hiyohiyo. Aliingia kwa mlango wa nyuma, kontrola kwapani imefunikwa khanga, kama mtu aliyeiba kuku, maana babu hakutaka majirani waione.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Funga pazia."

Somo la kwanza lilikuwa na vituko. Sindano alitoa kitambaa mfukoni akafuta magurudumu ya kontrola kwa kufuata mzunguko, vilevile afutavyo santuri. Kisha akayapuliza vumbi ambalo halikuwepo. Kisha mkono ukaenda wenyewe kando ya gurudumu, ukainua hewa, ukaishusha hewa.

"Babu, unafanya nini?"

"Nashusha sindano. Aa! Kumbe haipo."

Mama Mishono alicheka mpaka mshono ukaenda kombo, ikabidi aufumue.

"Na wimbo ukiisha, upande wa pili unageuzaje?" Sindano akauliza.

"Hakuna upande wa pili, babu."

"Santuri gani isiyo na mgongo?"

Kitufe akamwonyesha polepole. Ukisukuma gurudumu ukingoni, wimbo unaharakishwa au kucheleweshwa kidogo. Ukiweka kiganja juu yake, wimbo unasimama palepale, kama santuri halisi. Kulikuwa pia na kitufe kimoja kinachopanga midundo ya nyimbo mbili iende pamoja bila mtu kuhangaika. Sindano alikitazama kama mlinzi anavyomtazama mtu asiye na kitambulisho.

"Hiki sikigusi. Masikio nilipewa ya kuning'inizia miwani?"

Akavaa hedifoni, akafumba macho, akaanza kusukuma ukingo kwa kiganja. Midundo miwili ikakaribiana, ikagusana, ikawa mmoja. Mkono ulikuwa ukitetemeka, ndiyo. Lakini hapakuwa na kitu cha kukwaruza. Mama Mishono aliona mabega ya mume wake yakishuka, mabega yaliyokaa juu mwaka mzima.

Kisha akavua hedifoni. "Lakini ule wimbo wa shangazi yako hautakuwa wenyewe. Utakuwa wa kwenye mtandao, umeoshwa, umepigwa pasi."

Kitufe akaigeukia kontrola. Akabonyeza. Kwanza ukaja ule mchakarisho mwororo wa santuri iliyozeeka, kama mtu anayetembea juu ya mchanga. Kisha gitaa. Kisha, mbele kidogo, tak!

Sindano akageuka. "Hiyo ni santuri yangu. Huo mkwaruzo ni wa kijiko! Shangazi yako aliichora na kijiko cha uji akiwa na miaka mitatu."

"Zimo zote, babu," Kitufe akasema, akitazama vidole vyake. "Jumapili zile nilipokuwa nazifuta, nilikuwa na waya umetoka kwenye mashine yako ukaingia kwenye kompyuta mkobani. Nilizirekodi moja moja, na mikwaruzo yake. Niliona chai unavyoishika. Nikasema huenda siku moja ukazihitaji."

Mzee alikohoa. Akakohoa tena. Huyu ndiye mtoto ambaye yeye alikuwa akimsimanga kila Jumamosi. "Mama," akaita, "huyu mtoto mbona hajapewa chai?" Kwa Sindano, hayo yalikuwa ni kupiga magoti.

Ila alitoa sharti moja: Besi na Fundi Redio wasijue. "Niachieni mimi," akasema. "Nina mpango."

Siku ya harusi, saa nane mchana, ukumbi wa shule ulikuwa uking'aa. Sakafu ya saruji ilikuwa imesuguliwa, na viti vya plastiki vilivishwa vitambaa alivyoshona Mama Mishono. Alipofika pembeni penye spika ndipo alipouona mpango wa mume wake, akashika kiuno.

Mashine mbili za santuri zilikuwa mezani, mbele za watu, zimepigwa brashi mpaka zinameremeta. Nyuma yake, juu ya dawati la mwanafunzi, chini kidogo, palikuwa na kompyuta na kontrola, zimefichwa kwa kile kitambaa cheupe na mitungi miwili ya maua. Kitufe alikaa juu ya kigoda huko nyuma kama mtu anayepanga nyaya. Santuri ingezunguka juu, watu waione. Wimbo ungetoka chini.

"Babu, huu si uongo?" Kitufe akanong'ona.

"Si uongo. Ni mapambo."

Mama Mishono alitaka kusema neno, lakini bibi harusi alikuwa amefika mlangoni.

Sindano akawasha mashine, santuri ikaanza kuzunguka bure. Chini ya kitambaa, kiganja chake kikagusa gurudumu. Ukaja ule mchakarisho, likaja gitaa, na binti akasimama kizingitini ameshika mdomo. Alimtafuta baba yake kwa macho. Akamwona nyuma ya mashine, amevaa suti yake ya kijivu, anamtazama yeye tu. Akaanza kutembea, mwalimu wa hesabu pembeni yake akihesabu hatua kwa midomo ili asikanyage gauni. Wimbo ukasema tak! Binti akaangua kicheko huku machozi yakimtiririka, na ukumbi mzima ukapiga vigelegele bila kujua kisa cha kijiko.

Hapo kazi ilikuwa imekwisha. Lakini nani atakayemnyang'anya mwenye njaa kijiko? Watu waliita, "Sindano! Sindano!" naye akaunga wimbo wa pili, akaunga wa tatu. Alisahau kubadilisha santuri ya juu. Ileile iliendelea kuzunguka, na muziki ukawa unapanda, wazee wakavua makoti, mwalimu wa hesabu akaacha kuhesabu.

Ndipo Besi akanyanyuka, soda mkononi, akaja akicheza mpaka mezani. Alitaka kuutazama ule mkono, kama zamani. Akainama juu ya santuri. Santuri inazunguka. Sindano ya mashine imelala kwenye kishikio chake kando, imefungwa, haina habari. Besi akatazama spika. Akatazama tena santuri.

"Sindano," akasema kwa sauti iliyofika mpaka jikoni, "hii inaimba kwa mdomo wa nani?"

Mzee alishtuka, na kiganja kikaangukia juu ya gurudumu. Mkono ukatetemeka, na wimbo nao ukatetemeka: pe-pe-pe-pe-pe. Kisha ukafa. Watu wakaganda, wengine mguu mmoja juu. Besi akanyanyua kitambaa cheupe. Taa za kontrola zikawaka, nyekundu na kijani na bluu, machoni pa kila mtu.

Kitufe alisimama haraka mpaka kigoda kikaanguka. "Ni mimi, Mzee Besi! Hii ni yangu. Babu alikuwa anapiga vizuri, mimi ndiye nimegusa nikaharibu."

Mama Mishono alisikia. Mtoto ambaye wazee hawa walimcheka miaka miwili alikuwa amejitokeza kuwabebea aibu yao, na mikono yake ilitetemeka kuliko ya babu yake.

"Kaa, mjukuu wangu," Sindano akasema. "Mzigo huu ni wangu." Akachukua maiki, akaishika kwa mikono miwili. "Jamani. Mkono wangu unatetemeka. Ni mwaka sasa. Sindano siwezi kuishusha tena, na niliona haya kusema. Binti yangu aliponiomba wimbo nikamwambia nimestaafu. Mwanangu, nisamehe. Nimewasimanga vijana kwa ajili ya kibao hiki, na leo ndicho kilichonipa kukupigia. Nyimbo ni zangu, masikio ni yangu. Kingine chote ni umeme." Akafikiri kidogo. "Na wewe, mkwe wangu, nakupenda sana. Usikubali kuambiwa vingine."

Watu walicheka kidogo, kwa upole, kisha wakanyamaza tena, kwa sababu Besi alikuwa bado amesimama na kitambaa mkononi, na hakuna aliyejua atasema nini.

Katika kimya kile Sindano akarudisha kiganja juu ya gurudumu ili aendelee. Mkono haukutulia. Pe-pe-pe-pe. Mtoto mmoja mbele akacheka, akaanza kupiga makofi kuufuata. Pe-pe-pe-pe. Sindano akainamisha kichwa, kama mtu anayesikia anaitwa kutoka mbali. Hakuukaza mkono tena. Aliuacha utetemeke, pe-pe-pe-pe, pe-pe-pe-pe, na pale hasa ngoma ilipotakiwa kuingia, akauinua. Si kabla, si baada.

Ukumbi ukalipuka. "Rudia! Rudia!" Watu wakagonga meza. Akarudia. Kile alichokificha mwaka mzima ndani ya mifuko ya suruali, sasa watu wazima walikuwa wakikidai kwa kelele. Bibi harusi alivua viatu. Alikuja mpaka nyuma ya dawati, akambusu baba yake shavuni, akarudi mbio kwa mume wake kucheza.

Besi akasogea. "Umefanyaje hiyo?"

"Sifanyi. Nauacha tu."

Besi akatikisa kichwa, akavuta pumzi. "Mimi sikio hili la kushoto lilikufa miaka mitatu iliyopita. Mkinisemesha upande huu, nacheka tu nisijulikane."

"Ndiyo maana ulicheka siku nilipokwambia mjomba amefariki!"

"Amefariki?" Besi akashtuka. "Mungu amrehemu! Nilidhani umesema amefaulu!"

Fundi Redio naye alikuwa amefika, anafuta miwani yake isiyo na uchafu. "Kama ni siku ya kuungama," akasema taratibu, "lile sanduku chini ya meza yangu… ni kontrola za vijana. Nazitengeneza. Mmekuwa mkizipiga mateke kila Jumamosi."

Wote watatu walitazamana. Kisha Besi akakikunjua kile kitambaa cheupe, akakikunja pembe tatu, akamzungushia Sindano kiunoni juu ya suti, akakifunga fundo.

"Nepi," akasema. "Ahadi ni deni."

Sindano alipiga muziki mpaka jua lilipoanza kuteremka, amevaa nepi yake. Kitufe alisimama ubavuni mwake, wakipokezana, na mara moja Mama Mishono alimwona mzee akimpisha na kuwaambia watu kwa maiki, "Huyu ndiye mwalimu wangu." Kitufe hakujua aangalie wapi.

Jumatatu asubuhi Mama Mishono alichelewa kuamka. Miguu ilikuwa bado imechoka kwa kucheza. Alipoketi dirishani, uzi ulikuwa haujatungwa, na Sindano alikuwa amekwisha simama nyuma ya kiti.

Wote wawili walikitazama kile kitundu kidogo.

Mama Mishono akavuta kopo la vifungo. Akachimba mpaka chini, akakitoa kitungia uzi, akakiweka mezani.

Sindano akakigeuza huku na huku. "Na hiki nacho ni cha umeme?"

"Hapana. Ni cha ubishi."

"Kimekaa humo tangu lini?"

"Tunga, baba, wateja wanangoja."

Akakishika. Waya ukachezacheza mbele ya kitundu, ukakosa, ukakosa tena. Mama Mishono alitazama nje dirishani ili asimharakishe. Mara ya tatu waya ulipita, ukavuta uzi nyuma yake.

"Haya, bibie," Sindano akasema. "Safari njema."

Akaenda kwenye chai yake. Mama Mishono hakuanza kushona papo hapo. Alingoja kwanza macho yakauke, kwa sababu ukishona huku unalia unapindisha pindo la watu.